Matofali ya Hilaria

Hilaria alijifunza kuchanganya karanga na nafaka kwa sababu ya mtoto aliyekaribia kufa. Letisia, binti yake wa kwanza, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea miguu ilipovimba na nywele kugeuka rangi ya mkonge. Kule Maretadu kwa wakwe zake mahindi yalikuwepo. Mtoto alikula ugali mchana na jioni, lakini alizidi kuvimba, na mwisho akaacha hata kulia. Hilaria alimfunga mgongoni akampeleka hospitali ya Haydom.

Wakalazwa. Muuguzi mmoja wa makamo aitwaye Genoveva alikuwa na kawaida ya kuwakalisha akina mama kwenye majani nje ya wodi na kupika mbele yao. Alitumia karanga zilizosagwa, unga wa maharage yaliyokaangwa, maziwa, na yai likipatikana.

"Mahindi yanashibisha, hayajengi," aliwaambia. "Mama, wewe kwenu mnajenga nyumba kwa udongo mtupu? Si mnaanza na miti? Haya ndiyo miti."

Letisia akapona. Akarudi Maretadu kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kidole cha mama yake, na tangu siku hiyo Hilaria hakupika chochote bila kujiuliza miti yake iko wapi. Lilikuwa somo alilolishika kuliko katekisimu.

Miaka michache baadaye mumewe, Alfredi, alipata kazi ya kuendesha trekta katika shamba mojawapo la ngano la serikali, chini kwenye tambarare za Hanang. Letisia alibaki kwa bibi yake ili aanze shule, nao wawili wakashuka na godoro, masufuria na jembe moja ambalo halikupata kazi kule. Hilaria alikuwa amezoea milima ya Mbulu, ambako shamba la mtu unaweza kulizunguka kabla chai haijapoa. Kule tambarare aliona ngano tu hadi macho yanapochoka. Miti ilikuwa imeng'olewa yote. Upepo ulitoka upande wa mlima ukapita juu ya mashuke bila kuzuiwa na kitu, ukagonga mabati ya nyumba za wafanyakazi mchana kutwa. Wiki ya kwanza alimwambia mumewe kwamba mahali pale panamfanya ahisi kuna mtu nyuma yake.

"Hakuna mtu," Alfredi alisema akicheka. "Ndiyo shida ya hapa. Hakuna mtu."

Lakini watu walikuwepo. Wafugaji walikuwa na maboma yao pembeni mwa shamba, mahali ambapo plau ilikuwa haijafika, na kila mwaka waliamka wakakuta plau imesogea.

Hilaria aliajiriwa jikoni kwenye kantini. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalikuwa matupu. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, mafuta ya kupikia yalisikika tu redioni. Madereva waliondoka jua halijatoka, wamekunywa chai ya rangi, wakarudi alasiri vichwa vinazunguka. Dereva mmoja alisinzia kwa njaa akaingiza trekta kwenye korongo, akavunjika bega. Baada ya hapo msimamizi wa kazi, Basili, alimwita Hilaria.

"Mama Letisia, nataka kitu cha kumshikilia mtu mpaka mchana. Kitu cha kubeba mfukoni. Utafanyaje sijui."

Kulikuwa na wataalamu wa kigeni pale shambani, waliotoka nchi ya baridi, na katika mashamba yao ya majaribio walikuwa wamepanda kipande cha oti. Nafaka ile inafanana na ngano, ila imevaa koti la makapi na halivuliki kirahisi. Wafanyakazi waliikataa. Walisema ni chakula cha farasi. Magunia yakakaa stoo mpaka panya wakaanza kuyafungua. Hilaria aliomba moja.

Alizitwanga oti kwenye kinu kuondoa makapi, akazipeta, akazikaanga mpaka zikanukia, kisha akazitwanga tena kidogo tu, zibonyee bila kuwa unga. Akachanganya na karanga za Singida alizonunua mnadani Katesh, unga wa maharage ya kukaanga kutoka nyumbani Maretadu, mayai, maziwa na asali ya porini. Akashindilia kwenye trei, akaoka ndani ya pipa la mafuta lililokatwa, makaa chini na makaa juu. Kabla mchanganyiko haujapoa akaukata kwa kisu vipande virefu virefu, akavifunga kwenye karatasi za gazeti.

Vilitoka vigumu, vya kahawia, vyenye kona. Madereva waliviita matofali. Siku ya kwanza walicheka, siku ya pili walikula wakanyamaza, na wiki ilipokwisha hakuna aliyekubali kupanda trekta bila tofali lake mfukoni. Yule aliyevunjika bega alirudi kazini akanenepa. Hata meneja alituma mtu kuomba. Hilaria alikuwa anatembea pale kambini na watu wanampisha njia, na yeye, mwanamke asiyependa kujikweza, alianza kuimba jikoni.

Maziwa aliyapata kwa mke wa Gidahosh, mfugaji ambaye boma lake lilikuwa karibu zaidi na kambi. Hilaria alimwita Mama Gidamis kwa jina la mwanawe. Hawakuwa na lugha moja nzuri. Waliunganishwa na Kiswahili cha kuokoteza, na kubadilishana. Mama Gidamis alileta kibuyu cha maziwa, Hilaria akampa makapi ya oti kwa ajili ya mbuzi wa nyumbani, wale wenye kunyonyesha wasiopelekwa mbali. Mbuzi waliyapenda mno makapi yale. Walimjua Hilaria kwa mbali.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, shamba lilifungua eneo jipya. Katikati ya eneo hilo palikuwa na bung'eda, kaburi la mzee wa heshima wa wafugaji, kilima cha udongo kilichojengwa na ukoo mzima na kutunzwa na ukoo mzima. Lilikuwa kaburi la baba yake Gidahosh. Wazee walikwenda ofisini. Waliambiwa suala lao litaangaliwa. Wakati linaangaliwa, plau ilipewa amri ya kunyoosha mistari, na trekta lililopangwa mstari ule lilikuwa la Alfredi.

Alirudi siku hiyo hajala tofali lake. Alikaa mlangoni na viatu vyenye udongo.

"Umelizunguka?" Hilaria aliuliza.

"Msimamizi alikuwa amesimama pale pale."

"Baba Letisia, umelizunguka au hukulizunguka?"

"Nimepita," alisema. "Udongo wake ulikuwa laini. Mwekundu. Plau haikugonga kitu. Nilitamani igonge kitu, nisimame."

Jioni ile Gidahosh na ndugu zake walionekana wamesimama pale kilima kilipokuwa, kimya, shuka zao zikipepea. Hawakupiga kelele wala kutishia mtu. Walisimama mpaka giza likawameza. Watu wa kambini walichungulia kwenye madirisha na kila mmoja akaanza kusubiri.

Mvua zikanyesha, mbegu zikapandwa. Hakuna kilichotokea. Mama Gidamis alikosa kuja kwa muda, kisha akaja tena na kibuyu chake bila kusema lolote kuhusu kaburi, na Hilaria hakujua aanzie wapi kumpa pole. Alimpa makapi mengi zaidi ya kawaida.

Upandaji ulipokwisha, oti za jikoni nazo zikaisha. Hilaria alimwambia mtunza stoo, Xavery, kijana wa Mbulu kama yeye, mwenye watoto watatu na moyo wa kusaidia. Xavery ndiye aliyempimia yale magunia ya kwanza, na alijivunia matofali kana kwamba ameyaoka yeye.

"Niachie hilo, dada," alisema. "Madereva hawawezi kulala njaa na mimi nina funguo."

Baada ya siku chache akaleta gunia. Oti zilikuwa na unyevunyevu, kama zilizooshwa na kuanikwa jua haba. Hilaria aliingiza mkono akanusa.

"Xavery, hizi zinanuka."

"Zinanuka stoo. Zilikaa karibu na madawa. Kaanga vizuri, harufu itaondoka."

Alipozitwanga, vumbi lilimkaa kooni, na lilikuwa na ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba kitasa. Kwenye mikunjo ya baadhi ya makapi aliona wekundu. Udongo wa Hanang nao ni mwekundu. Alifikiri ni udongo. Alikaanga oti muda mrefu kuliko kawaida, akaongeza asali, na harufu kweli ikaondoka. Madereva walisema matofali yamezidi utamu.

Mwanzo wa mambo ulikuwa mdogo sana. Alfredi alilalamika kwamba midomo inamwasha kama aliyekula nanasi bichi. Kisha vidole vikafa ganzi. Alifunga vifungo vya shati kwa kuviangalia, kama mtoto. Asubuhi moja kikombe kilimtoka mkononi kikavunjika, naye akakitazama chini kwa mshangao, maana alidhani bado amekishika.

"Umechoka," Hilaria alimwambia.

"Nimechoka," Alfredi alikubali.

Lakini machoni mwake Hilaria aliona kitu kingine, naye alikijua, kwa sababu hata yeye alikuwa anakifikiria. Madereva wenzake walikwisha kukisema. Walisema mikono inayomfia ndiyo ile iliyoshika usukani juu ya kaburi. Mtu mmoja wa Katesh aliyefika kuuza tumbaku aliwaeleza kwamba mzee kama yule hagombani na trekta, anasubiri dereva ashuke. Jirani yao Konsolata, aliyekuwa akishinda nyumbani kwa Hilaria kusuka mikeka, akaanza kuwa na kazi nyingi.

Kisha Alfredi akaanza kupepesuka. Alitembea miguu imetanuka, kama mtu aliye juu ya lori linalokwenda. Basili alimnusa mdomo mbele ya watu akitafuta pombe, asiipate, akamwondoa kwenye trekta na kumpa kazi ya kufagia karakana. Hilaria alimwita katekista kuja kuombea nyumba. Pia alifanya jambo ambalo katekista hakuambiwa: alimwomba Mama Gidamis amuulize mumewe kama kuna kitu kinachotolewa, kondoo au asali, ili mzee atulie. Mama Gidamis alimtazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Haikujulikana kama amekataa au hakuelewa.

Zaidi ya hayo yote, Hilaria alitegemea lile somo la Haydom. Mumewe alikuwa anakonda. Nyumba inayoyumba huongezewa miti. Akaanza kumtengenezea matofali yake ya peke yake, mazito, yenye oti nyingi, mayai mawili zaidi na karanga nyingi. Alimpa moja asubuhi, akamwachia jingine la mchana, na mikono yake ilipozidi kutetemeka akawa anamvunjia vipande na kumlisha.

"Kula, Baba Letisia. Hiki ndicho kitakachokusimamisha."

Alfredi alikula. Kula ndilo jambo pekee lililokuwa bado linampa raha. Masikio yalikuwa yameanza kuziba, na alipogeuza kichwa aligonga milango, kwa kuwa alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Kwa kuwa aliyepiga plau juu ya kaburi alikuwa mmoja, watu hawakushangaa kwamba anayeugua ni mmoja. Ila ugonjwa haukuendelea kuwa wa mmoja. Fundi wa karakana alianza kudondosha spana. Dereva mwingine, mwenye miraba minne, alilia kwenye foleni ya mshahara bila sababu, akashindwa kujieleza, ulimi mzito. Hilaria mwenyewe alishika mfuniko wa pipa la kuokea bila kitambaa, akaendelea na kazi, na akagundua kwa kusikia harufu ya nyama yake ikiungua. Hakusikia maumivu. Alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nje upepo uligonga mabati, na akaamini kabisa kwamba mzee amefika kambini.

Gidahosh alikuja asubuhi moja ya jua kali, mlango wa nyuma wa jikoni. Alikuwa hajawahi kufika hapo. Hilaria alimwona akasimama na mwiko mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Gidahosh alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini. "Mama Gidamis hatakuja leo. Hatuleti maziwa tena."

"Kuna ugonjwa nyumbani?"

"Mbuzi wanazunguka." Alichora duara kwenye majivu kwa ncha ya fimbo yake. "Hivi. Wanazunguka, wanaanguka. Mmoja haoni, anagonga ukuta. Waliokufa hatukuwala. Mama yangu alisema nyama ya mnyama anayezunguka hailiwi."

Hilaria alikuwa ameogopa kwa muda mrefu mno hata woga ulimpa ujasiri.

"Mzee, nisamehe. Watu huku wanasema ni baba yako. Wanasema amekasirika kwa sababu ya kaburi. Na aliyelilima ni mume wangu."

"Najua ni mume wako."

Akatazama upande ule wa shamba ambako ngano ilikuwa imeota kijani sawasawa, bila alama.

"Baba yangu amekasirika," alisema. "Na mimi nimekasirika, na watoto wangu watakasirika. Lakini wale mbuzi ni wake, mama. Ni uzao wa mbuzi aliotuachia yeye. Mzee haui mbuzi wake kwa kosa la serikali."

Aliinua fimbo akaonyesha upande wa boma lake.

"Wanaokwenda na Gidamis malisho ya mbali, wanaokula majani, wazima wote. Wanaozunguka ni wale wanaobaki nyumbani. Wanaokula makapi yako."

Alisema hayo bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia. Kisha akaondoka. Hilaria alibaki akitazama lile duara kwenye majivu. Juu ya rafu, mbele ya macho yake, palikuwa na kopo la maziwa ya unga alilolijaza matofali na kulifunga kwa kamba. Lilikuwa linasubiri mtu wa kulibeba kwenda Maretadu kwa Letisia. Tangu wiki iliyopita lilikuwa linasubiri, kwa sababu basi lilikwama kwenye matope.

Alilishusha kopo, akalishika kifuani, akaenda nalo stoo.

Xavery alikuwa amekaa juu ya magunia, kivulini. Alipomwona hakuinuka.

"Zile oti," Hilaria alisema. "Umezitoa wapi?"

"Si hapa hapa stoo, dada."

"Xavery. Mbona zilikuwa mbichi? Uliosha nini?"

Kijana akatazama viatu vyake.

"Niliosha rangi," alisema.

"Rangi gani?"

Akaanza kueleza haraka haraka, ulimi ukijikwaa. Zilikuwa mbegu za majaribio zilizobaki baada ya kupanda. Zilikuja zimetiwa dawa ya mbegu, nyekundu, na kwenye magunia kulikuwa na picha ya fuvu. Lakini zilikuwa zinatupwa, magunia mazima yalikuwa yanatupwa, na madereva wana njaa. Aliziosha kwenye pipa mara kadhaa mpaka maji yakawa meupe. Rangi iliondoka yote. Alikuwa na hakika kwamba rangi ndiyo dawa.

"Na mimi nilipeleka nyumbani," alisema. "Watoto wangu wanakula uji wake. Ningewapa kitu kibaya, dada? Ningewapa?"

Alipotaka kuinuka ndipo Hilaria alipoona kwamba naye anashika ukuta.

Mbele ya jikoni palining'inia rimu ya gurudumu iliyotumika kuwaita watu kwenye chakula. Hilaria aliigonga kwa chuma, akagonga na kugonga, wakati si wa chakula, mpaka matrekta yakaanza kuzimwa moja baada ya jingine huko shambani na watu wakaja mbio wakidhani kambi inaungua. Basili alifika wa kwanza, akifoka.

"Mama Letisia, una wazimu?"

"Toeni matofali mifukoni," aliwaambia. "Yatupeni. Kila mwenye nalo atupe hapa. Lina sumu. Nimeoka sumu."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa bado anatafuna. Aliacha mdomo wazi, hajui ateme au ameze. Kisha wakaanza kuyatupa miguuni pake, moja moja, yamefungwa kwenye karatasi za gazeti, na hakuna aliyemtazama usoni. Basili alitaka kujua nani amesema ni sumu, daktari yuko wapi, ushahidi uko wapi. Hilaria alimwonyesha mkono wake ulioungua. Akauchukua uma uliokuwa mezani, akajichoma nao kidoleni mbele yao mpaka damu ikatoka, uso wake haukubadilika. Basili akaenda kuagiza lori.

Walipandishwa wale waliokuwa hawawezi kusimama vizuri, pamoja na Xavery, mkewe na watoto wao. Alfredi alilazwa juu ya maturubai. Hakuelewa wanakwenda wapi. Alidhani wanahamishwa kituo cha kazi. Lori lilikwenda taratibu kuelekea Haydom, na kila lilipopita kwenye mashimo Hilaria alishika kichwa cha mumewe kwa magoti yake, kwa kuwa vidole vyake havikumwambia kama amekishika au la.

Daktari aliuliza maswali mengi, akaomba aletewe makapi yaliyobaki. Ilichukua muda kupata jibu, lakini yeye alikwisha kujua. Alimwita Hilaria nje ya wodi akamwambia kwa upole kwamba katika dawa ile ya mbegu kuna zebaki. Inaingia kwenye ubongo taratibu, wiki kwa wiki, na inachofanya huko hakifutiki. Walioonja kidogo watapata nafuu. Waliokula sana watabaki walivyo.

"Mume wako alikuwa anakula kiasi gani?"

"Zaidi ya wote," Hilaria alisema. "Nilikuwa namwongezea."

Daktari aliandika kwenye cheti.

Hilaria alikaa siku nyingi kabla ya kumwambia Alfredi. Angeweza kunyamaza; mumewe alikuwa hasikii minong'ono ya wodini wala asingesoma cheti. Lakini Alfredi bado aliamini ni kaburi. Alikuwa akiomba msamaha akiwa macho, kwa maneno mazito yasiyoshikana, akimwita baba yake Gidahosh kwa heshima kama mtu aliyeketi pembeni ya kitanda. Hilaria alishindwa kuvumilia mtu asiyehusika abebe mzigo wake, hata awe maiti.

Akainama sikioni kwake. "Baba Letisia, si kaburi."

"Nini?"

"Si kaburi! Ni chakula!"

"Sisikii."

Ikabidi apige kelele. Alisimama kando ya kitanda katikati ya wodi ya wanaume, wagonjwa wamegeuza vichwa, wageni wameshika masufuria ya uji, akapaza sauti yake yote.

"Ni matofali yangu! Yalikuwa na dawa ya mbegu! Ni mimi niliyekulisha! Kwa mkono wangu!"

Alfredi alimtafuta kwa yale macho yaliyobaki na tundu dogo tu katikati, akaupata uso wake. Midomo yake ilikusanya maneno kwa shida.

"Na mimi," alisema, "ndiye niliyekuwa naomba la pili."

Akainua mkono kumshika. Mkono ulitetemeka ukapotea njia, ukagonga kitanda, ukarudi, mpaka Hilaria alipoudaka.

Mtoto mdogo wa Xavery alifariki kabla ya mavuno. Xavery hakushtakiwa, alirudishwa kwao Mbulu akiongozwa na mkewe, na inasemekana hakuzungumza tena kwa kupenda. Shambani magunia yenye fuvu yalifukiwa shimoni, ukafanyika mkutano, ikatoka amri kuhusu funguo za stoo. Kuhusu kaburi hapakuwa na mkutano. Mashine zilipofika kuvuna, zilipita pale sawasawa na mahali pengine, na ngano ya pale haikuwa bora wala mbaya kuliko nyingine. Gidahosh alihamisha ng'ombe wake kuelekea Singida mwaka huo huo. Mama Gidamis hakupita kuaga.

Alfredi aliishi miaka saba zaidi, Maretadu, nyumbani kwa mama yake. Alijifunza kutembea akishika kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi kwenye shamba la maharage. Letisia alimlisha, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mikono isiyotetemeka katika nyumba ile, na alifanya hivyo kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, bila kuombwa. Alfredi alipokufa, mvua zilikuwa zinaanza.

Siku ya mazishi wanawake wa kijiji walikusanyika kupika, kama ilivyo desturi. Walimwondoa Hilaria jikoni, mfiwa akae. Lakini hata kwenye misiba ya wengine baadaye, na harusi, na sikukuu za kanisa, alikuwa hasogelei sufuria. Alichota maji. Alipasua kuni. Alikosha vyombo mpaka vikang'aa. Mtu akimpa mwiko akoroge mara moja tu, aliukabidhi kwa wa pembeni yake. Wasichana walioolewa hapo kutoka vijiji vingine walimwona ni mwanamke mwenye maringo, anayejiona mkubwa wa kupika pamoja na wenzake, na walisema hivyo akisikia.

Hilaria aliinua ndoo yake akaenda kisimani.